Clem Hocking na Mrefu Wake wa Mbele

Shemeji yangu Clem Hocking alikuwa mtu wa maneno machache, ila ukimgusa kwenye jambo moja tu, utajuta kwa nini umefungua mdomo. Jambo lenyewe ni hili: klabu ikipata nafasi ya kuchagua kijana, ianze na nani, mrefu wa mbele au kiungo? Watu wazima na akili zao, wenye ngano inayongoja kuvunwa, walikuwa wanakaa baa ya mji wetu wa Warrendi kila mwisho wa mwaka wakigombania hilo mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Mimi nilikuwa nawaambia, "Nyie kweli hamna kazi." Hakuna aliyenisikia.

"Viungo wamejaa tele," Clem alikuwa anasema. "Ukitikisa mti wanadondoka. Mrefu wa mbele hazaliwi kila mwaka. Ukimwona unamchukua, unamlisha, unamngoja."

"Na akivunjika wakati unamngoja?" Alby, mdogo wake, alikuwa hakosi la kuchokoza.

"Unatafuta mwingine."

"Ndiyo maana tunaburuta mkia miaka yote, kaka."

Watu wanacheka, glasi zinajazwa, mjadala unaanza upya. Mpira wetu ni ule wa umbo la yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu. Viungo ndio wanaoupigania chini katikati ya uwanja, wenye mbio na mapafu. Mrefu wa mbele anasimama karibu na nguzo za goli, anaruka juu ya vichwa vya watu, anaudaka na kufunga. Klabu kubwa za Melbourne hukutana mara moja kwa mwaka na kuchagua vijana kwa zamu, iliyoburuta mkia ikianza. Ukitajwa, unafungasha. Usipotajwa, unarudi kwa kondoo wa baba yako.

Clem hakutajwa. Alipokuwa kijana alikuwa wa kimo cha kawaida, hakuna aliyemtazama mara mbili. Halafu, akiwa na miaka kumi na tisa, alirefuka ghafla, suruali zikaishia kwenye mashavu ya miguu. Ndivyo walivyo akina Hocking wote, wanachelewa kisha wanafumuka. Lakini wakati anarefuka, baba yake akafa, shamba likabaki mikononi mwake, na Melbourne ikawa hadithi. Akachezea Warrendi mbele mpaka magoti yalipochoka. Hamu ile haikumtoka, nawaambieni. Mtu akikosa kitu kwa kuchelewa kidogo tu, anakitafuna maisha yake yote.

Alimwoa dada yangu Noreen, wakakaa miaka mingi bila mtoto, ndipo akapatikana Rowan. Wakaishia hapo hapo. Clem alimpenda yule mtoto mpaka inakera. Alimfunga kamba za viatu mpaka mtoto ana miaka kumi, nikimwambia, "Shemeji, mwache ajifunge mwenyewe," ananijibu, "Shughulikia pai zako." Mimi ndiye niliyekuwa nauza pai za nyama pale uwanjani.

Rowan alikuwa mfupi. Si kibeti, hapana, ila ukimsimamisha kati ya akina Hocking ungedhani wamemwokota njiani. Kichwa chake kiliishia kwenye kwapa la Alby. Lakini miguu! Mpira ukianguka chini, wenzake bado wanaangalia juu, yeye keshauokota, kageuka na bega la kushoto bila hata kutazama, keshatoka. Mtoto yule alikuwa kiungo tangu tumboni, na kipofu angeona.

Baba yake hakuona. Clem ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya kupanga timu, na kila Alhamisi baada ya mazoezi, timu ya Jumamosi ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, soseji zikiwa jikoni. "Mbele kabisa," Clem anasoma, "Rowan Hocking." Watu wanatazama sakafu. Jumamosi mtoto anasimama pale mbele na jibaba la kilo mia mgongoni, anarukiwa, anasukumwa, anakula vumbi. Nilikuwa namfuta damu puani kwa taulo ya kibanda.

"Clem, unamuua huyu mtoto," nilimwambia siku moja.

"Atarefuka, shemeji. Mimi nilirefuka nikiwa na miaka kumi na tisa. Akirefuka, awe keshajua kazi ya mbele."

"Na asiporefuka?"

"Ni Hocking yule." Akachukua pai yake akaenda.

Mwaka Rowan alipokuwa na kumi na saba, Clem alipata mkanda wa jeshi, akalala juma zima hawezi hata kuvaa shati. Alby akasoma timu badala yake. Akamweka mtoto katikati. Loo, siku ile! Magari yalikuwa yameegeshwa kuuzunguka uwanja wote kama kawaida yetu, na honi zilipigwa mpaka betri za watu zikafa. Hata wapinzani walipiga. Sikuuza pai hata moja robo ya mwisho ya mchezo, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda juu ya kreti napiga kelele.

Nilikimbia nikampe Clem habari. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza amejilaza ubavu, akauliza tu, "Aligeuka upande gani?" Nikamwambia wa kushoto, kama kawaida yake. Akageukia ukutani. Nikafikiri ni maumivu. Alhamisi iliyofuata alikuwa amesimama, kafungwa bandeji, anasoma, "Mbele kabisa, Rowan Hocking."

Lakini mtu mmoja alikuwa ameiona ile Jumamosi. Alikuwa bwana Vickery, mchagua vijana wa klabu moja ya Melbourne, jina naliweka kapuni. Alikuja nyumbani kwa Clem mwezi wa tisa, Noreen akaoka skonzi, mimi nikaitwa kusaidia. Hao wachaguaji hawamwangalii kijana peke yake, wanaangalia ukoo mzima, sawasawa na mtu anayenunua kondoo dume. Vickery akamwambia Clem avue viatu asimame. Akamsimamisha na Alby. Akatazama viganja vya Rowan, akageuka kwa dada yangu.

"Na upande wako, mama, wanaume ni warefu?"

"Wa kawaida," Noreen alisema, na chai ikamwagika kwenye kisosi.

"Mimi niseme wazi," Vickery akasema. "Nilimwona kama kiungo. Nikimchukua kama kiungo, nitamchukua katikati ya orodha, na mwakani anacheza. Hahitaji kungojewa."

"Ukimchukua kama kiungo, umemtupa mrefu wa mbele," Clem akasema. "Nitazame mimi. Nilikuwa kama yeye. Ukimwacha, wenzako watamchukua, na baada ya miaka mitatu atakuwa anakufungeni magoli na utaulizwa ulikuwa wapi."

Vickery akamtazama Clem kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini. Nikaona tamaa inamwingia. Klabu yake ilikuwa imemaliza ya mwisho na mashabiki walikuwa wanalilia mrefu wa mbele usiku na mchana. Rowan akasema kwa sauti ndogo, "Mimi napenda kati."

"Unapenda sasa," baba yake akamjibu. "Mtoto hapendi dawa pia."

Noreen akatoka. Nikamkuta uani kwenye kamba ya nguo, ameshika shati lililoloa, halianiki wala halirudishi kwenye beseni.

"Glenys, hatarefuka," akaniambia.

"Aa, nani ajuaye? Clem mwenyewe si alichelewa?"

"Nisikilize, mdogo wangu. Hatarefuka." "Unamkumbuka Kev Dunstan?"

Nisimkumbuke vipi! Kocha mchezaji tuliyemleta kutoka Adelaide msimu mmoja, mfupi, ana kiburi, kiungo hodari kuliko wote waliowahi kukanyaga Warrendi. Akichukua mpira anageuka na bega la kushoto. Niliketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Mungu wangu, Noreen!"

"Punguza sauti."

"Clem anajua?"

"Hajui mtu. Sasa unajua wewe."

"Basi ingia ndani useme. Yule bwana anataka kiungo. Mwache achukue kiungo, mtoto acheze mpira wake. Ukinyamaza, Clem anamuuza kwa kimo ambacho hatakuwa nacho."

"Nikisema, mwanangu anapata klabu, anakosa baba. Haya, wewe mwenye akili, nichagulie."

Nikabwabwaja tu, kumtuliza, nikamwambia wazee walisema kitanda hakizai haramu, mtoto ni wa Clem na ndiyo basi.

"Kamwambie Clem kitanda kitamrefusha," akanijibu, akaanika lile shati. Tukarudi ndani. Skonzi zilikuwa zimekwisha na wanaume walikuwa wanapeana mikono.

Siku ya klabu kuchagua vijana tulikaa jikoni kwa Clem tumezunguka redio. Jina la Rowan lilitajwa mapema mno, mbele ya viungo ambao leo kila mtu anawajua. Nyumba ilipasuka kwa vifijo. Alby alinibeba juu juu. Clem alilia, akamkumbatia yule mtoto, kidevu chake juu ya kichwa cha mwanawe. Dada yangu alinitazama juu ya meza, nami nikajifanya natafuta kifuniko cha birika.

Melbourne walifanya walichoahidi. Walimlisha, wakamnyanyulisha vyuma, wakamsimamisha mbele kwenye timu ya pili, wakamngoja. Nilikwenda kumwona majira ya baridi ya kwanza nikamkuta ana shingo nene, kifua kama cha fahali, na kimo ni kile kile.

"Vipi, mwanangu?"

"Mama mdogo, nimekuwa mzito. Zamani nilikuwa nikiona mpira unatoka, nishafika. Siku hizi naona, ila sifiki."

"Waambie wakuweke kati."

"Niliwaambia. Kocha akampigia baba simu. Baba akamwambia wangoje."

Nilirudi na hasira, haki ya Mungu, nikaegesha gari mbele ya nyumba ya Noreen nikiwa nimeazimia kusema mimi mwenyewe. Nikamkuta Clem yupo uani, anapaka rangi jozi ya zamani ya nguzo za goli za mtoto, anapiga mluzi. Nikampa salamu za mwanawe nikaenda zangu. Mtu mwenye furaha ana ukuta, huupiti.

Majira ya baridi ya pili goti likaharibika. Aliruka na jitu la ulinzi, wakaanguka, jitu likamwangukia mguu umejikunja. Madaktari walipopiga picha za mifupa, wakaona zaidi ya goti. Ncha za mifupa zilikuwa zimefunga kitambo. Kijana alikuwa amemaliza kukua kabla hata hawajamchagua. Kama angekuwa na miguu yake ya zamani, wangempeleka kati, lakini kiungo mwenye goti lile na uzito ule hana klabu. Wakamwacha. Vickery alikuja mwenyewe kutuambia, hilo nampa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Tulimchagua kwa kimo cha baba yake. Kosa ni letu." Hakutaka chai.

Alipoondoka tulibaki jikoni wanne. Mimi nilikuwa nakata nyama baridi ya kondoo. Rowan alikuwa ameweka mguu wake wenye vyuma juu ya kiti. Clem alikuwa anazunguka.

"Daktari gani huyo? Wanajua nini madaktari? Mimi nilipita kumi na tisa ndipo..."

"Clem," Noreen akasema.

"Apumzike. Goti lipone. Akina Hocking—"

"Clem, acha. Hatarefuka. Hana damu ya Hocking." Aliliweka birika mezani taratibu, mikono yote miwili. "Mimi ndiye mkosaji. Niue ukitaka, lakini acha kumngoja mtoto."

Kisu kilinitoka mkononi. Clem alisimama. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua, Noreen. Nilijua tangu akiwa mdogo, anachezea hapo nje. Aliokota mpira akageuka na bega la kushoto. Nikasema, a, kumbe."

Dada yangu aliketi. Miaka yote ile alikuwa anamficha mtu siri ambayo mwenyewe alikuwa nayo mfukoni. Kila mmoja amemlinda mwenzake, na aliyelipa ni yule aliyekaa katikati yao na mguu juu ya kiti.

"Kwa hiyo ulijua sitarefuka," Rowan akasema.

"Nilijua. Halafu nikawa sitaki kujua. Nilikuwa naomba Mungu. Nikasema akirefuka, hata kidogo tu, basi nilikosea, na ni wangu."

"Sasa mbona hukuniacha nicheze kati?"

Clem alitazama mikono yake, ile mikubwa, akaificha nyuma ya kiti.

"Ukiwa mbele ulikuwa wangu," akasema. "Ukiingia kati nilikuwa namwona yule."

Rowan akachukua magongo yake.

"Mimi sikujua kama kuna yule," alisema. "Mimi nilikuwa wako kotekote."

Akatoka. Sikuwahi kumwona mwanamume akilia kama Clem alivyolia, na simtakii mtu kuona. Noreen alimwendea akamshika kichwa, na mimi nikaondoka bila kuaga.

Rowan alihamia mji wa Mildura, akapata kazi kwenye kiwanda cha kufungasha machungwa. Clem akajiuzulu kamati. Jumapili alikuwa anapiga simu Mildura mwenyewe, anasikia "haloo," anampa Noreen. Yeye anasimama pembeni anasikiliza sauti ikitoka kwa mbali. Nikimwambia, "Ongea naye, shemeji," anasema, "Nimwambie nini?" Baa aliendelea kwenda, ila mjadala ule ukianza anamaliza glasi yake anaondoka. Mara moja tu mgeni mmoja alimng'ang'ania, "Hocking, wewe ni bingwa wa hayo, mrefu wa mbele au kiungo?"

"Mchukueni anayejua kucheza," Clem akasema. "Halafu mwacheni acheze."

Alikufa wakati wa mavuno, moyo, kando ya mashine ya ngano, injini bado inanguruma. Rowan alikuja na basi la asubuhi. Alikuwa amepungua, anachechemea, na kwenye kituo aliniuliza neno moja tu, "Alinitaja?" Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna Jumapili ambayo hakupiga zile namba kwa mkono wake. Aliinamisha kichwa. Akasema alikuwa anajua ni yeye, maana mama yake huanza kuongea mara moja, na siku zote kulikuwa na ukimya kwanza. "Nilikuwa nangoja aanze," akasema.

Kanisani, bwana wa mazishi alianza kuwapanga wabebaji kwa kimo, ndivyo wanavyofanya ili jeneza likae sawa. Akina Hocking watano, wote miti mitupu. Akamgusa Rowan begani, kwa adabu, akamwambia, "Wewe kijana, na mguu huo, tembea nyuma na mama."

"Nitabeba," Rowan akasema.

"Litalala upande, mwanangu."

"Litalalaje upande, na sisi tuna magoti?" Alby akadakia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Huyu ni mtoto wa Clem. Atabeba."

Bwana wa mazishi akasogea pembeni. Rowan akaingia chini ya pembe moja ya jeneza, na wale majitu watano wakakunja magoti mpaka mabega yao yakafika kwenye bega lake, wakatoka hivyo. Toka mlango wa kanisa mpaka kaburini si karibu, na kulikuwa na jua la kuchoma. Nilikuwa nyuma nimemshika Noreen. Alby ana miaka zaidi ya sitini na mgongo mbovu, nilimsikia anavyohema. Rowan alikuwa anachechemea analia kwa sauti, "Baba, baba," na wao wanakwenda kwa mwendo wake. Hakuna aliyenyooka mpaka walipomshusha.